Banda la vyuma vikuukuu Malindi, na drili iliyotoa moshi

Ukienda bila kuelekezwa utalipita. Liko Kisumu Ndogo, ndani ndani, katikati ya fundi wa magari na mama muuza mahamri, na halina kibao. Utaona turubai la buluu lililoungua jua, meza mbili zilizopigwapigwa kwa mbao za makasha, na juu yake mlima wa vyuma vya rangi moja: rangi ya kutu. Mwenye banda ni mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, na sisi wateja wake twamwita Ami. Huuza vyombo vya kazi vilivyokwisha kutumika: randa, patasi, misumeno, spana, majembe, mikasi ya miti, na mara moja moja kitu ambacho yeye mwenyewe hajui ni cha nini. Hapo hukuuliza wewe.

Mimi ni seremala. Kila nikilisema hilo dukani, muuzaji huangalia nyuma yangu kumtafuta seremala mwenyewe. Nilizaliwa Matondoni, kisiwani Lamu, baba yangu akiunda mashua, na nilicheza na maranda kabla sijacheza na watoto wenzangu. Nimeolewa huku Malindi. Nyuma ya nyumba yetu Ganda nina kibanda cha kazi cha mabati, na nyuma ya kibanda kishamba kisichotimia robo ekari: migomba, mindimu miwili, bamia, mchicha, pilipili. Kwa hivyo asubuhi nashika randa, jioni jembe, na kwa Ami naenda kwa yote mawili. Mwaka wa sita sasa.

Kwanza, vitu vyake vyatoka wapi, maana hili ndilo swali la kila mtu, na wengine huliuliza kwa jicho la kando. Malindi, kama ujuavyo, ina Wataliano wengi wenye nyumba, na miongoni mwao wapo wazee waliokuwa na karakana zao nyuma ya gereji, kila bisibisi na msumari wake ukutani. Mzee akifa au akirudi kwao, nyumba huuzwa, watoto hawana haja na jiriwa ya baba yao, basi vyombo humwangukia mlinzi au mtunza bustani, naye huvileta kwa Ami. Fungu la pili hutoka Mombasa, kwenye makontena yanayoshushwa na vitu vya Uingereza vilivyotumika. Vitu hivyo huja vimejazwa kwenye madebe, na ndani ya debe moja utakuta patasi nzuri sana imelala na vijiko vya chai. Fungu la tatu ni letu wenyewe, mafundi wa hapa waliostaafu au waliobanwa na karo ya shule. Ami ana daftari. Akinunua kitu huandika jina la aliyemletea na nambari ya simu, na akikuona una shaka hukufungulia ukurasa. Ndiyo sababu ya kwanza ya kumwamini.

Sasa nikueleze randa.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka juzi, mchana, joto limelala juu ya mabati, Ami amejiegemeza na kofia usoni. Chini ya rundo la spana nikaona pembe ya chuma iliyochongoka vizuri mno kuwa ya spana. Nikaivuta. Randa ya chuma, imefumwa kutu mpaka huoni nembo, mpini wa nyuma umekatika nusu. Nikakwangua kwa kucha mbele ya kishikio: BAILEY. Nikakwangua tena: No 4. Nyuma, Made in England. Stanley.

"Ami, hii wauza vipi?"

"Elfu mbili na mia tano, Bi Fundi."

"Kwa kutu hii?"

"Kutu nakupa bure."

Tukacheka kichovu, kicheko cha watu waliofunga. Sikutoa pesa. Katika mkoba wangu hutembea na vitu vinne, na wanaonijua hunicheka: rula ya chuma, kipande cha tupa, chupa ndogo ya mafuta ya taa na chaki. Mwili wa randa hii ni chuma cha kumiminwa, na adui wa chuma cha kumiminwa ni kuanguka sakafuni. Hakipindi, hupasuka, na ufa wake waweza kuwa mwembamba usiouona. Kwa hivyo nilipaka mafuta ya taa kwenye mdomo wa randa pande zote mbili, nikangoja kidogo, nikafuta mpaka pakakauka, kisha nikasugulia chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani hupanda na kuchora mstari mweusi kwenye ule weupe. Haukutokea mstari. Nikaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia. Ya ufa hailii, hukohoa. Rula nikaiweka chini ya tumbo lake dhidi ya mwanga: pengo dogo katikati, la kusawazishika. Tukaachana kwa elfu moja na mia saba.

Kuifufua kulinichukua asubuhi mbili. Kisu chake na skrubu nilivizamisha kwenye siki ya kawaida ya dukani usiku mmoja, na asubuhi kutu ikatoka kwa brashi ya chuma kama tope. Usizidishe, siki haijui tofauti ya kutu na chuma. Ukiacha siku tatu utakuta vishimo. Ukivitoa, vioshe kwa maji ya magadi kuua ile asidi, uvikaushe papo hapo, uvipake mafuta kabla hujaenda hata kunywa maji, maana kwa hewa yetu hii ya chumvi chuma kilicho uchi huota kutu ukikitazama. Mwili sikuutia kwenye siki. Nilibandika msasa juu ya kioo cha dirisha cha zamani, nikausugua tumbo lake juu yake mpaka mistari ya kalamu niliyoichora ikafutika yote pamoja. Mpini mpya niliuchonga kwa kipande cha mbambakofi kilichobaki kwenye mlango wa mteja. Halafu kinoo, kile cha kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha kipande cha ngozi ya mkanda.

Nilipoipitisha juu ya ubao wa msaji, utepe wa kwanza wa maranda ulitoka umejikunja, mwembamba, haukatiki toka ncha hadi ncha. Nikaunyoosha juu ya gazeti nikasoma habari za mpira.

Umbo lile si la Stanley wenyewe: ni la Mmarekani Leonard Bailey, ambaye hataza zake, yaani haki za uvumbuzi, kampuni ilizinunua mwaka 1869, na mpaka leo randa nyingi za chuma duniani huiga lake. Basi usidhani zote ni sawa kwa kuwa zafanana. Mwaka mmoja kabla ya hiyo nilikuwa nimenunua mpya dukani, ya buluu, imefungwa kwenye sanduku lenye picha ya Mzungu anayetabasamu, kwa elfu moja na mia tisa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Tumbo lilikuwa limebonyea kama ngalawa, gurudumu la kusogezea kisu linacheza robo duara kabla halijashika, na chuma cha kisu laini hivi kwamba mbao mbili za mkorosho zilitosha kukiua. Niliisugua wiki nzima. Sasa hiyo hukaa kibandani kwa ajili ya kuondolea rangi milango ya zamani, kazi ambayo singekipa chombo ninachokipenda.

Patasi kwa Ami ziko kwenye debe la rangi, zimesimama kama mishumaa, mia na hamsini mpaka mia tatu moja. Hapa ndipo pa kupoteza muda wako kwa raha. Ukiona imepigwa mhuri CAST STEEL usiiache ukidhani ni chuma cha kumiminwa hafifu. Huo ni mhuri wa zamani wa Sheffield, mji wa vyuma huko Uingereza, wa chuma cha feleji kilichoyeyushwa kwenye vyungu, njia iliyotokana na Benjamin Huntsman katika miaka ya 1740. Chuma hicho hushika makali vizuri ajabu. Lakini angalia ncha. Watu wengi huzinoa kwa grenda, huzibana mpaka zinapata joto kali, na ncha hugeuka rangi ya buluu au zambarau. Penye buluu chuma kimekwisha lainika. Kama ni milimita mbili tatu, nunua, utazikata polepole ukichovya kwenye maji. Kama buluu imepanda nusu ya kisu, irudishe debeni. Na kile kipande changu cha tupa ni kwa ajili hii: nagusa makali kwa pembe yake. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kigumu. Ikiuma kidogo tu, vizuri. Ikizama kama kwenye ndizi, ni chakula cha chuma chakavu.

Msumeno ndio kitu ambacho watu humdharau Ami kwacho. Wanaona msumeno wa kutu mia nne, na dukani mpya wenye mpini wa plastiki mia sita, wanakwenda dukani. Sawa, kama ni kwa kukata mbao za kenchi mwezi mmoja. Tazama meno ya huo mpya: ncha zake nyeusi kama zilizopitiwa moto. Zimechomwa kwa umeme ziwe ngumu kuliko tupa, kwa hivyo hukata vizuri muda mrefu, lakini siku zikifa huwezi kuzinoa, tupa itateleza tu. Msumeno wa zamani wanolewa kwa tupa ya pembetatu hata miaka hamsini. Ninao mmoja wenye meno manane kwa inchi, niliununua kwa Ami mia tatu na hamsini, na nimeunoa sijui mara ngapi. Kabla ya kulipa, upinde mpaka ncha ikaribiane na mpini, uachie, kisha uutazame kwa jicho moja kama utazamavyo mlingoti. Ukirudi sawa, chukua. Ukibaki na kiwimbi, wa kukatia kuni.

Haya, moshi.

Hii haikutokea kwa Ami. Ilitokea kwenye duka jingine la vitu vya ng'ambo, lenye kaunta na feni, ambalo sitalitaja kwa sababu kijana aliyeniuzia huenda hakujua, na huenda alijua. Drili kubwa, nzito, ya kiwanda cha heshima, ya kutobolea mawe. Mimi nilikuwa na kazi ya kufunga milango kwenye kuta za matumbawe, na drili yangu ndogo ilikuwa ikilia tu. Elfu nne. Kijana akaichomeka pale pale, akaibonyeza sekunde mbili, ikanguruma kama simba. Nikafurahi. Ilinguruma mno, hilo ndilo nililopaswa kulisikia.

Nyumbani nilitoboa tundu moja na nusu. Harufu ya vanishi ya kuungua, kisha moshi mweupe ukatoka kwenye vitundu vya ubavuni, kisha kimya. Jirani yangu fundi wa umeme alikuja, akavua miwani, akasoma kile kibati kidogo ambacho mimi sikukisoma: 110 V.

Alinieleza, nami nakueleza. Uingereza, kwenye maeneo ya ujenzi, hutumia vyombo vya volti 110 kwa usalama. Vina plagi ya manjano ya mviringo na hupitia transfoma iliyogawanywa katikati, ili ukiguswa na waya upigwe na volti 55 tu dhidi ya ardhi. Kazi ikiisha vyombo hivyo huuzwa, hupakiwa kontena, vyaja kwetu. Hapo kati kati mtu hukata ile plagi ya manjano na kufunga hii yetu ya miguu mitatu bapa. Ukiichomeka kwenye 240 inapata zaidi ya mara mbili ya inachostahimili, na kwa kuwa umeme unaopita nao huongezeka, nguvu inayoliwa na mota hukaribia mara nne au tano. Ndiyo maana inanguruma vile. Ndiyo maana inakufa.

Nilirudi na drili. Kijana akaniambia, "Mama, ilitoka hapa ikifanya kazi." Kweli ilitoka ikifanya kazi.

Tangu siku hiyo nasoma kibati kabla ya kuuliza bei. Chombo cha Mtaliano hakina shida hiyo, wao hutumia 220 au 230 na mapigo 50 kwa sekunde kama sisi. Kilicho tofauti ni plagi yao ya miguu mitatu ya duara iliyojipanga mstari mmoja, na hiyo fundi hukubadilishia kwa shilingi mia. Kilichotoka Marekani, 120, kiache. Na Ami, ambaye hakusoma umeme popote, ameweka kikaratasi ukutani: VYA PLAGI YA MANJANO SIUZI. Nilipomsimulia habari yangu akanyamaza, kisha akasema naye zamani aliuza viwili kabla hajajua, na mmoja aliyenunua hajarudi mpaka leo, na hilo humsumbua.

Upande wa shamba.

Ganda udongo ni mwekundu, mzuri, ila kishamba changu kina ndago. Anayeijua ndago hahitaji maelezo. Asiyeijua: ni nyasi zenye vijitunguu vyeusi chini ya ardhi vilivyofungamana kama shanga, na ukivikata kwa jembe umevipanda. Kila kipande huota. Dawa yake ni kuinua udongo bila kuukata na kuokota shanga moja moja kwa mkono, na kwa hilo wahitaji fokojembe. Nilinunua jipya dukani mia saba na hamsini. Meno yake manne yalikuwa yameunganishwa kwa kulehemu, na siku ya pili nilipokutana na jiwe la tumbawe, jino moja likang'oka pale pale kwenye uchomeleaji. Nilikwenda kwa Ami nikapata la zamani, zito, kipande kimoja cha chuma kilichofuliwa, meno yamelika kwa matumizi mpaka yakawa mafupi nusu kidole. Mia tano bila mpini. Hilo limepambana na matumbawe miaka minne. Jino moja lilijikunja, nikalitia motoni nikalinyoosha kwa nyundo. Limekunjika, halikuvunjika, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo niliyoilipia.

Mpini sijanunua. Ami huuza mipini ya mbao nyepesi iliyopakwa rangi nyekundu na sikushauri. Kata mpera ulionyooka, uache na gome lake kivulini mwezi mzima ukauke polepole, kisha uuchonge. Mvinje pia ni mgumu, ila hupenda kupasuka ukikauka haraka.

Jembe la kawaida, hapo nakwambia nenda dukani tu, ukanunue jipya lenye chapa ya mamba, ile ya Chillington ya Uingereza, ila uchunguze chapa imepigwa ndani ya chuma wala si karatasi iliyobandikwa, maana kuna mamba wengine ambao ukiwatazama vizuri ni mijusi. Majembe ya zamani ya Ami yamelika mno. Jembe likishalika robo huwa unalima kwa mgongo wako badala ya chuma.

Kitu kimoja cha shamba nilichokipata kwake nitazikwa nacho: mkasi wa kupogolea wa Felco, wa Uswisi, mishikio myekundu imepauka kuwa ya waridi. Ulikuwa umeganda kabisa. Ami alitaka mia nane, nikampa mia sita na papai mbili. Uzuri wa mkasi huu ni kwamba hufunguka wote, kila kipande chake hubadilishwa, springi, kisu, hata parafujo ya katikati. Nilikwangua utomvu uliokauka kwa mafuta ya taa, nikanoa upande mmoja tu wa kisu, ule ulioinama, nikaurudisha. Sasa hukata tawi la mndimu la unene wa kidole gumba bila kulisaga. Mama mkwe wangu ameuazima tangu Idi na bado naungoja.

Bomba la kunyunyizia dawa, lile la kubeba mgongoni la lita 16, nunua jipya. Sina mjadala. Mabomba ya zamani mipira yake ya ndani imekufa, na hujui lilibeba dawa gani. Lililobeba dawa ya magugu likinyunyizia mchicha wako utalia. Wilbaro pia jipya, ila mwambie muuzaji akutilie gurudumu la mpira mtupu lisilojazwa upepo. Njia ya kwetu ni miiba, na nilichoka kuziba.

Diski za grenda ni jambo ambalo hata mafundi wazima hawalijui. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati ya diski pamepigwa mwezi na mwaka. Ndiyo tarehe yake ya mwisho, maana gundi inayoshika zile chembe huchoka, kwa kawaida hupewa miaka mitatu, na diski iliyochoka ikizunguka mara elfu kumi na moja kwa dakika yaweza kupasuka ikaruka vipande usoni. Unyevu wetu hausaidii. Niliwahi kuzipekua diski ishirini kwenye duka moja hapa mjini, zilizo hai zilikuwa saba. Muuzaji alidhani natafuta rangi. Ami hauzi diski zilizotumika, ingawa aletewa nyingi.

Tupa vilevile usinunue kuukuu. Tupa iliyokwisha haina ufufuo.

Aibu za Ami sasa, kwani hamna mtu asiye nazo. Bei yake huisoma usoni mwako. Nilimtuma mpwa wangu aliyevaa viatu vyeupe akaulize spana, akaambiwa mia tano. Nilipokwenda mimi na vumbi langu, mia mbili na hamsini. Ukiwa mgeni, nenda na mtu wa Malindi, au nenda umevaa nguo za kazi. Risiti hana. Saa za kufungua ni za Mungu: Ijumaa usihangaike, na siku za mvua ya Kusi turubai hulemewa, hufunika vyote na kwenda zake kulala. Na hapendi kupanga. Nimemwambia mara mia, Ami, tia hata mafuta kidogo, hizi patasi zazidi kuliwa hapa mezani. Hujibu kwamba akizipaka mafuta watu watadhani zimeibwa.

Lakini hurudisha. Niliwahi kununua pima maji lililokuwa likisema uongo. Ulipoligeuza upande wa pili, kiputo kilikaa mahali pengine. Nilimwonyesha juu ya meza yake mwenyewe. Akaligeuza, akaligeuza tena, akanipa mia mbili yangu, kisha akalivunja kioo ili asimuuzie mwingine.

Mafuta, kwa kuwa nimeyataja. Baba yangu alipaka tezo zake za kuchongea mbao sifa, mafuta ya ini la papa, yale yale ya kupaka mashua, na hakuna kutu iliyothubutu, wala mgeni. Mimi siwezi harufu ile ndani ya nyumba. Ya alizeti nilijaribu, baada ya wiki yaligeuka gundi yenye vumbi. Ya nazi hayagandi namna hiyo, ila huchacha na kuita sisimizi. Nimetulia kwenye mafuta ya cherehani, tambara moja limeloweshwa na kukaa ndani ya kopo la maziwa, kila chombo hupata mpapaso kabla hakijalala.

Na tezo yenyewe? Ya baba iliyeyuka mikononi mwa kaka zangu. Kwa Ami sijawahi kuona ya maana. Nilikwenda kwa mhunzi wa Majengo na kipande cha springi ya Land Rover, nikakaa kwenye kigoda chake nikamchorea mchangani mpindo wake, maana tezo ya kuundia mashua hupinda zaidi kuliko hizi za kuchongea mizinga. Alikosea mara moja, akaifua tena. Elfu moja na mia mbili pamoja na kuipoza kwenye mafuta. Makali yake hayajanitia aibu, ila mwaka wa kwanza nilijikata kwenye ugoko na kovu ninalo.

Kwa sasa kwa Ami kuna jiriwa ya Record nambari 52, ya buluu, ya kufunga chini ya meza ya kazi, taya zake za inchi saba, na ule mkono wa kuachia haraka bado wafanya kazi. Nimelipa elfu mbili kwa M-Pesa, imebaki elfu tatu, na amenifungia kitambaa chekundu kuonyesha ina mwenyewe. Jumamosi nakwenda na bajaji. Kama utamkuta kabla yangu, akakwambia kile kitambaa si kitu, ni cha urembo, usimsikilize.